Risiti ya kompyuta ya gemu iseme kilichomo ndani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie biashara ya kompyuta za mezani zinazouzwa kwa ajili ya kuchezea gemu, biashara ambayo kwa ninavyoiona imechangamka zaidi tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilifikisha kikomo huduma ya kawaida ya Windows 10 na watu wengi wakaanza kutafuta mashine ya kuchukua nafasi ya ile waliyo nayo mezani. Ombi langu kwa wauzaji ni la maneno machache. Waandike kwenye risiti aina kamili ya prosesa (ubongo wa kompyuta), kadi ya grafiki (inayochora picha za gemu), RAM (kumbukumbu ya muda), diski (ghala la mafaili) na pawa saplai (inayogawa umeme ndani) ya kompyuta wanayoiuza; na pale wanapopokea kompyuta ya zamani ya mteja kama sehemu ya malipo, waandike pia kwamba diski yake imebaki kwa nani. Kueleza sababu ndiko kutakakochukua nafasi.

Mimi ni fundi wa kompyuta mjini Morogoro, na wengi wa wateja ninaowahudumia hawanunui mashine kwangu. Tangu treni ya SGR ianze safari zake mwaka 2024, mtu anaondoka hapa asubuhi, anazunguka Kariakoo mpaka alasiri, na jioni anashuka stesheni akiwa amelikumbatia kasha lake. Haipiti muda kasha hilo linafika kwangu, ama kwa sababu gemu inakwamakwama, ama kwa sababu haifunguki kabisa, ama kwa sababu kuna mafaili yaliyokuwa kwenye mashine ya zamani ambayo kwenye mpya hayaonekani. Ninapoomba risiti, mara nyingi nakuta mstari mmoja tu: "Kompyuta Core i7, 1". Kwa mstari huo hakuna anayeweza kumdai mwenzake chochote.

Jina la Core i7 limebandikwa kwenye prosesa za Intel za miaka mingi mno kiasi kwamba peke yake halimwambii mnunuzi kitu. Kuna i7-2600 ya mwaka 2011, kuna i7-4770 ya mwaka 2013, na kuna i7-12700 ya kizazi cha 12, na zote tatu dukani zinaitwa i7. Kinachosema ukweli ni namba inayofuata, kwa kuwa tarakimu zake za mwanzo ndizo zinazotaja kizazi. Core i3-12100 ya mwaka 2022, ambayo muuzaji ataitaja kwa sauti ya chini kwa sababu ni i3, ina viini vinne sawa na ile i7-4770, lakini karibu katika kila gemu inaiacha mbali, tena ikitumia umeme kidogo zaidi. Mteja asiyejua habari hizi hulipia herufi moja na tarakimu moja, akadhani amepanda daraja.

Kizazi kina uzito mwingine siku hizi. Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, ama AMD Ryzen ya mfululizo wa 2000 au zaidi, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0. Wapo mafundi wanaoiingiza Windows 11 kwa mlango wa nyuma kwenye mashine ya kizazi cha 4, nayo inawaka na kupendeza, ila Microsoft haiahidi kuendelea kuipa masasisho mashine ya namna hiyo, na kwa mchezaji wa gemu adha huanza mapema zaidi. Gemu ya Valorant kwenye Windows 11 haikubali kufunguka bila TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi unaokagua programu za kuwashia kompyuta. Kijana anaona ujumbe wa VAN9001 kwenye skrini, anadhani ni intaneti, anaongeza bando. Battlefield 6, iliyotoka Oktoba 2025, nayo haichezeki bila Secure Boot. Muuzaji aliyeandika "Windows 11" kwenye kibandiko cha bei bila kusema imeingizwa vipi amemficha mnunuzi jambo ambalo yeye mwenyewe analijua vizuri.

Hata jina la modeli halitoshi. Dell OptiPlex 7010 iliyotoka mwaka 2012 ilikuja na prosesa za kizazi cha 2 na cha 3, na mwaka 2023 kampuni hiyo hiyo ikatoa OptiPlex 7010 nyingine yenye prosesa za kizazi cha 13. Namba ni ile ile, na kati yake imepita zaidi ya miaka kumi. Nisingependa kubahatisha ni wangapi wameuziwa ya kwanza wakiwa wamesoma sifa za ya pili, lakini kwa mwenye nia ya kudanganya ni nafasi iliyo wazi kabisa.

Niingie ndani ya kasha, maana huko ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Kompyuta nyingi za mtumba zinazofika nchini zilitumika maofisini ng'ambo, na nyingi kati yake ni zile nyembamba zinazolala chini ya skrini. Ni mashine imara, wala sina ubaya nazo. Ukifungua kifuniko chake unakuta pawa saplai ndogo ya umbo la kipekee, mara nyingi kati ya wati 180 na 260, isiyo na waya hata mmoja wa ziada wa kulisha kadi ya grafiki. Sloti ya kadi kwenye madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, hutoa wati 75 kwa kawaida na si zaidi. Kwa hiyo kadi kama RTX 3060, inayokula wati 170, haiwezi kufanya kazi humo, na hata ingeweza, urefu wake hauruhusu kifuniko kufungwa. Nimeletewa mashine ya namna hii pamoja na RTX 3060 ndani ya boksi lake. Mwenye mali aliambiwa dukani kwamba fundi yeyote atamfungia. Ningeifungia wapi? Kubadilisha pawa saplai nako si jambo la kusema tu, kwa sababu mashine nyingi za ofisi za Dell, HP na Lenovo zina viunganishi vyao wenyewe, tofauti na kile cha pini 24 kilichozoeleka, na pawa saplai ya kawaida haiingii ndani ya kasha jembamba hata ukipata kebo ya kubadilishia.

Kadi zinazoweza kuishi kwa wati 75 zipo. GTX 1650 ya mwaka 2019 ina matoleo yasiyohitaji waya wa ziada, na RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024, inakula wati 70. Zote zimetengenezwa pia kwa kimo kifupi kinachoingia kwenye kasha jembamba. Lakini mnunuzi lazima aulize kimo na waya kabla ya kutoa hela, kwa kuwa kuna GTX 1650 nyingine zenye tundu la pini 6 ambazo kwenye mashine hiyo hazitawaka. Kwa upande wa pili yapo makasha makubwa yenye kioo ubavuni na feni zinazowaka rangi zote, ambamo ukichungulia nyuma ya taa unakuta madabodi ya kizazi cha 3 na pawa saplai isiyo na jina la mtengenezaji wala kibandiko cha wati. Taa hazijawahi kuongeza kasi ya gemu yoyote.

Kuna pia kadi za bandia, na hapa naomba nieleze kwa makini kwa sababu udanganyifu wenyewe umefanywa kwa ustadi. Mtu huchukua kadi ya zamani, kwa mfano GTS 450 ya mwaka 2010, akaibadilishia programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa Windows kuwa ni GTX 1050 Ti. Ukifungua orodha ya vifaa unaona jina zuri. Ukifungua gemu mpya unaona giza. Niliwahi kuiweka kadi ya namna hii mezani mbele ya mwenye nayo, na kabla hata ya kuichomeka nilimwonyesha tundu la buluu la VGA ubavuni mwake. Mfululizo wa GTX 10 uliacha kutoa picha kwa njia hiyo ya analogi, kwa hiyo tundu la VGA kwenye kitu kinachoitwa 1050 Ti linatosha kukutia shaka. Programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z tangu mwaka 2018 ina uwezo wa kuzitambua nyingi za kadi hizi na kutanguliza neno la kuonyesha kwamba ni feki. Ikiwekwa kwenye flashi, majaribio yake dukani hayamalizi dakika mbili. Duka alikonunua, ambalo silitaji, lilikataa kuipokea kwa hoja kwamba risiti haikutaja kadi yoyote, na kwa bahati mbaya hoja hiyo ilikuwa ya kweli.

Nasema haya si kwa sababu kila mtu anahitaji mashine ya bei kubwa. Gemu wanazocheza vijana wetu kwa wingi si nzito hivyo. Toleo la kompyuta la GTA V lilitoka Aprili 2015, na sifa zilizopendekezwa na watengenezaji wenyewe zilikuwa prosesa i5-3470, RAM ya GB 8 na kadi ya GTX 660, maana yake mashine ya ofisi ya mwaka 2012 ikiwekewa kadi ndogo inaimudu vizuri. EA Sports FC 24 ilitaka angalau i5-6600K, RAM ya GB 8, GTX 1050 Ti na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Battlefield 6 ndiyo inayofunga mlango, kwa kuwa inaanzia RTX 2060 na RAM ya GB 16. Mnunuzi anayekwenda dukani akiwa na majina ya gemu tatu anazozipenda, pamoja na mahitaji yake yaliyoandikwa kwenye karatasi, hawezi kuyumbishwa kirahisi. Anayekwenda akisema anataka "mashine kali" ataondoka na chochote.

Kwa maoni yangu, kwa kijana wa kawaida mwenye fedha za kadiri, mashine ya mtumba ya kusimama yenye i5-8500 au inayokaribiana nayo, RAM ya GB 16 iliyofungwa kwa vipande viwili vya GB 8, SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya angalau GB 500 na GTX 1650 isiyotaka waya ni chaguo la busara, na Windows 11 inaikubali bila ujanja. Mwenye uwezo zaidi aachane na mtumba wa ofisi, aungiwe mashine yenye madabodi na pawa saplai za vipimo vya kawaida, kwa mfano yenye i5-12400 au Ryzen 5 5600, kwa sababu kitu kikiungua miaka miwili baadaye kitapatikana duka lolote. Kwenye hiyo i5-12400 nashauri wateja wa mikoani waepuke ile yenye herufi F mwishoni ingawa ina nafuu ya bei: F maana yake prosesa haina grafiki yake ya ndani, kwa hiyo siku kadi ikifa skrini inabaki nyeusi hadi upate kadi nyingine, na kazi za shule au ofisi nazo zinasimama. Ryzen 5 5600 nayo haina grafiki ya ndani. Yenye nayo ni 5600G.

Suala la RAM limekuwa gumu tangu mwishoni mwa mwaka 2025, bei zilipopanda duniani kote kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba; kampuni ya Micron inayotengeneza RAM ilitangaza Desemba mwaka huo kwamba inaacha kuuza bidhaa za Crucial kwa watu binafsi. Hiyo ni sababu tosha ya kuangalia RAM iliyomo kwenye mashine ya zamani kabla ya kuiachia. Kama ni ya aina ya DDR4 na mashine mpya nayo inatumia DDR4, ing'oe uende nayo. DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4 kwa vile pengo lake limekatwa mahali pengine, na anayelazimisha huvunja sloti.

Jambo la umeme nilitaje kwa haraka. Pawa saplai za zamani, hasa zilizotoka Marekani, zina swichi ndogo nyekundu nyuma yenye namba 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 230. Angalia swichi hiyo kabla ya kuchomeka, maana hakuna fundi atakayeirudisha ikishalipuka.

Sasa nije kwenye mafaili, ambayo katika mazungumzo ya dukani hupewa nusu sentensi: "Tutakuhamishia bure." Utaratibu uliozoeleka ni mteja kupeleka kompyuta yake ya zamani, ikathaminiwa, akaongeza hela na kuondoka na nyingine. Kijana wa dukani huchomeka flashi au diski ya nje, hunakili folda ya nyaraka na ya picha, huonyesha kwamba zipo, na mashine ya zamani huwekwa rafuni kusubiri mnunuzi mwingine. Mzee mmoja mstaafu hapa mjini alimbadilishia mjukuu wake kompyuta kwa njia hiyo. Nyaraka zilizokuwa kwenye diski C zilihamishwa zote. Za diski D, ambako kwa miaka mingi alizoea kuhifadhi barua za mafao, hati za kiwanja na picha za familia kwa sababu aliwahi kuambiwa kwamba C ni ya Windows, hazikuguswa na mtu. Aliporudi dukani, mashine ilikuwa imeshauzwa. Hakuna karatasi iliyosema kwamba diski ilikuwa mali ya nani baada ya mauziano, wala aliyeinunua hakuweza kufuatiliwa.

Kwa hiyo namwambia kila anayeniuliza: uza kasha, uza skrini, uza kibodi, lakini diski ya zamani irudi nyumbani na wewe. Bei ya diski ngumu iliyotumika ni ndogo mno kulinganisha na kilichomo ndani yake, na muuzaji akikata fedha kidogo kwenye thamani, mwache akate. Kaa nayo angalau mpaka utakapokuwa umefungua kila unachokitumia kwenye mashine mpya, pamoja na vile vya mara moja kwa mwaka kama hesabu za kodi.

Kazi yenyewe ya kuhamisha si ngumu ikifanywa kwa utulivu. Kabla ya yote angalia afya ya diski kwa programu kama CrystalDiskInfo. Ikionyesha tahadhari, nakili yaliyo muhimu kwanza na gemu ziache mwisho, na ikiwa inagonga kwa sauti ya kijiti, izime mara moja, kwa sababu kila dakika inayoendelea kuzunguka inapunguza uwezekano wa kuokoa kitu. Kisha angalia kama imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha yaliyomo kwenye diski. Windows 11 zilizoingizwa upya tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024 hujifunga zenyewe kwenye mashine nyingi pale mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na diski hiyo ikihamishiwa mashine nyingine itadai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo hupatikana kwenye akaunti ile ile, kwa sharti kwamba mtu anaikumbuka anwani ya barua pepe aliyoitumia na nenosiri lake. Nimeona wengi ambao akaunti ilifunguliwa na fundi kwa anwani ya fundi.

Kama mashine mpya ni ya kusimama, mara nyingi ina nafasi na tundu la ziada la SATA, la kuunganishia diski, na njia ya haraka kuliko zote ni kuifunga diski ya zamani humo kama diski ya pili, kwa kuhakikisha kwenye mpangilio wa kuwaka kwamba SSD mpya ndiyo ya kwanza. Kwenye mashine nyembamba tumia kebo ya kuunganisha SATA na USB. Diski ya laptopu ya inchi 2.5 hutosheka na umeme wa USB. Ya mezani ya inchi 3.5 inataka volti 12, kwa hiyo kebo yake lazima iwe na adapta yake ya umeme, na anayenunua ile isiyo na adapta atailaumu diski bure. Chomeka kwenye tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi ni la buluu. Kwa USB 2.0 mwendo halisi ni kama MB 30 kwa sekunde, na mafaili ya GB 300 yatachukua karibu saa tatu. Kwa waya wa mtandao wa gigabiti kati ya mashine mbili, kazi hiyo hiyo inaweza kumalizika kwa takriban dakika 45. Ukitumia flashi na faili kubwa ya video ikakataa kuingia ilhali nafasi ipo, sababu yake ni kwamba flashi imeformatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofika GB 4. Iformati kwa exFAT baada ya kuondoa vilivyomo.

Programu hazihamishwi kwa kunakili folda. Nakutana mara kwa mara na watu waliobeba folda nzima ya Program Files wakitumaini kwamba programu ya hesabu ya duka itafunguka upande wa pili. Haifunguki, kwa sababu usajili wake umebaki kwenye Windows ya zamani. Kinachobebwa ni data yake, kisha programu inaingizwa upya. Wala sishauri kunakili Windows nzima kutoka mashine ya mwaka 2012 kwenda ya leo, kwani mara nyingi ile ya zamani iliwekwa kwenye diski ya mpangilio wa zamani wa MBR, na mashine mpya yenye Secure Boot inataka ule mpya wa GPT. Inawezekana kubadilisha, lakini muda wake ni mrefu kuliko kuanza upya.

Gemu, kwa upande wake, zinahamishika vizuri kuliko watu wanavyodhani, na hapa kuna fedha ya kuokoa. Aliyekuwa na gemu kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, hana haja ya kuzipakua tena kwa bando. Folda ya steamapps ikinakiliwa kwenda mahali pake kwenye mashine mpya, Steam inayakagua mafaili na kupakua yaliyopungua tu. Tangu mwaka 2023 programu hiyo inaweza pia kuvuta gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya mtandao wa nyumbani, alimradi zote mbili zimewashwa na Steam ya mashine ya zamani bado inafanya kazi. Kwenye Windows 7 na 8 huduma yake ilikoma mwanzoni mwa mwaka 2024. Kwa gemu ya GB 100 hiyo ni tofauti ya kununua bando zito au kutonunua kabisa. Sehemu inayosahaulika ni hatua mchezaji alizofikia. Za GTA V zimo ndani ya folda ya nyaraka, katika Rockstar Games. Za gemu nyingine nyingi zimo katika Saved Games au ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha, na ambayo kijana wa dukani anayenakili kwa haraka hataiona. Mzazi anaweza kudharau jambo hili. Mtoto aliyepoteza miaka miwili ya mchezo hatalidharau.

Diski ikishamaliza kazi na mtu akaamua kuiuza, kuiformati kwa haraka hakufuti kitu. Orodha tu ndiyo inayoondolewa, na programu za bure huyarudisha mafaili. Kwenye diski ngumu ya kawaida, iformati kikamilifu bila kuweka alama kwenye kisanduku cha haraka, kwa kuwa tangu Windows Vista namna hiyo huandika sifuri kote. SSD inataka amri ya kufuta ya mtengenezaji. Na wauzaji wanaojaza rafu zao kwa mashine zenye nyaraka za wateja wakumbuke kwamba nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022.

Nirudi kwenye risiti, kwa sababu ndiyo niliyoiandikia barua hii. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na Tume ya Ushindani iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina kazi ya kushughulikia wanaowapotosha walaji. Lakini fundi, hakimu au afisa wa Tume atalinganisha nini na nini, ikiwa karatasi inasema "Kompyuta Core i7, 1"? Najua kwamba mashine ya EFD inayotoa risiti haina nafasi ya maelezo marefu. Ankara ya mkono yenye mhuri inatosha, ikiandikwa kwa mfano: Core i5-8500, RAM GB 16 DDR4, SSD GB 512, GTX 1650 GB 4, pawa saplai wati 260, Windows 11 ya kawaida, diski ya zamani amerudishiwa mteja.

Nimewahi kuwasikia wauzaji wakijitetea kwamba wananunua kwa kontena na hawajui kilichomo katika kila kasha. Mashine ikiwa imewashwa, bonyeza Windows na R, andika dxdiag, na jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM na jina la kadi vinatokea hapo hapo, vikisubiri kukaguliwa kwa GPU-Z. Wati za pawa saplai zimeandikwa kwenye kibandiko chake, na kifuniko cha mashine nyingi za ofisi hufunguka kwa kidole bila bisibisi.

Fundi wa kompyuta,
Morogoro